Kitambi cha Karani wa Mizani

Nilianza kutafuta dawa ya kupunguza mwili kwa sababu ya wimbo. Mtu mwingine angeanza kwa sababu ya moyo, au presha, au baada ya daktari kumkemea. Mimi nilianza kwa sababu manju wa ngoma pale kijijini alisimama katikati ya uwanja, wakati wa mavuno, mbele ya watu wa vijiji vyote vya jirani, akaimba kwamba pamba ya wakulima haijapotea, imelala tumboni mwa karani, na asiyeamini aje anitazame ninavyopita mlangoni kwa ubavu. Aliimba kwa Kisukuma, ambamo maneno hayo yanauma zaidi, na kina mama wakampigia vigelegele. Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya umati na kipande cha muwa mdomoni, nikaacha kutafuna.

Asiyekulia kwetu atasema wimbo ni wimbo tu. Msimu wa kiangazi, pamba ikishavunwa, ndipo ngoma za mashindano zinapochezwa, kundi hili na kundi lile, na manju anayejua kumvua mtu nguo kwa maneno ndiye anayevuta watu. Ukiimbwa huna pa kushtaki. Wachunga ng'ombe wanauchukua wimbo wako mbugani, wanawake wanautwangia mtama, na ukipita njiani unasikia mtu anaupiga mluzi, halafu ananyamaza kwa adabu na kukuamkia.

Miaka ile ya sabini mwanzoni nilikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa pamba, nje ya mji wa Shinyanga. Sitakitaja, ingawa waliokuwepo watanitambua kwa umbo. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mkulima analeta pamba yake, wachukuzi wawili wanalitundika gunia kwenye kulabu ya mizani iliyoning'inia mlangoni mwa ghala, mshale unatetemeka, unatulia, mimi nasoma kilo kwa sauti na kuandika. Nilikuwa na sauti nzuri, na niliipenda. Sikuwahi kuiba hata kilo moja. Niliwaambia hivyo wote waliotaka kusikia, na wengi zaidi ambao hawakutaka.

Lakini mwili ulinisaliti. Nilifika pale nimekonda kama kijana yeyote aliyetoka kula maharage ya shule, na misimu michache baadaye mama yangu aliponiona mashavu alipiga kigelegele, akawaita majirani waje waone. Unono kwetu ni heshima, awe ng'ombe au mtu. Ila unono wa karani wa mizani una maswali yake, kwa sababu mkulima amekuja na gunia analoliona kubwa, ametajiwa kilo anazoziona ndogo, halafu anainua macho na kukutana na kitambi. Mimi nilijua kimetoka wapi. Watu walikuwa wanashinda kwenye foleni na vyakula vyao, matobolwa, yale ya viazi vikavu, yaliyopikwa na karanga, maziwa ya mgando, mara nyingine kuku, na hawawezi kula huku karani anatazama. Kukataa chakula cha mtu ni kumtukana. Mimi sikumtukana mtu yeyote, hata mara moja, miaka yote ile.

Basi wimbo ukaenea, na mkutano mkuu wa wanachama ukawa unakaribia. Nikasikia kwamba watu watasimama kudai niondolewe kwenye mizani. Kazi niliitaka, lakini jina langu nililitaka zaidi. Nilikuwa mtu wa hasira za karibu, na kuitwa mwizi huku sijaiba kulininyima usingizi, ingawa si hamu ya kula. Nikawaza: ushahidi wao wote ni tumbo. Nikifika mkutanoni bila tumbo, kesi itakosa kielelezo.

Nikadandia lori la pamba hadi mjini, nikaingia kwenye duka la dawa nililozoea kununua vidonge vya kichwa. Mwenye duka alikuwa mzee wa asili ya Kihindi, aliyezaliwa mjini hapohapo, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko Kiingereza changu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karani. Kichwa tena?"

"Leo si kichwa." Nikashusha sauti. "Una dawa ya kupunguza?"

"Kupunguza nini? Homa?"

"Mwili."

Alinitazama kwa furaha ya mtu aliyekuwa amekata tamaa. Akapanda kiti, akashusha kopo kutoka rafu ya juu, akalipuliza vumbi. Lilikuwa na picha ya mwanamume wa Kizungu mwenye tumbo kama langu, na pembeni yake mwanamume huyohuyo bila tumbo, anatabasamu. Ndani kulikuwa na unga wa kijani. Mzee akaanza kuusifu: unayeyusha mafuta, unasafisha damu, unaleta usingizi, unaondoa hasira. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na unga ule ulikuwa unatembezwa mji mzima bila kutoka juu ya kaunta. Nikaona nimhoji, kwa sababu mimi si mjinga.

"Kuna watu wameshautumia?"

"Wengi sana."

"Wa hapa Shinyanga?"

"Wa Mwanza."

"Naweza kuwaona?"

"Utawaonaje? Wamepungua, huwezi kuwatambua tena."

Nikatazama tumbo lake mwenyewe, ambalo lilikuwa limeegemea kaunta kwa starehe. "Na wewe mzee, mbona hujaunywa?"

"Mimi nauza. Fundi majeneza hulala ndani ya jeneza?"

Nikaomba karatasi ya maelezo, nikaisoma kwa Kiingereza changu cha darasa la nane, kidole kikifuata mstari. Ilisema mtumiaji ale kidogo. Aache mafuta na sukari. Asile kabisa baada ya jua kuzama. Atembee kwa miguu kila siku, mwendo mrefu. Anywe maji mengi. Na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, achanganye kijiko kimoja cha unga kwenye maji ya uvuguvugu. Nikajiuliza, mtu akishafanya hayo yote, unga unabaki na kazi gani? Lilikuwa swali zuri. Tangu siku ile nimewahi kuulizwa na watu wengi kama dawa fulani ya kupungua inafaa kununuliwa, na sijapata swali zuri kuliko hilo. Nililipata bure, dukani, kabla sijatoa hata senti, nikalikunja pamoja na karatasi na kulirudisha ndani ya kopo. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilikuwa bado nasikia vile vigelegele.

Kabla sijatoka, mzee akanipandisha kwenye mizani yake ya chuma iliyokuwa mlangoni. Nilikuwa na kilo tisini na nne. Akasema nikimaliza kopo nirudi kupima, nitastaajabu.

Ladha ya unga ule ilikuwa ya mwarobaini uliochanganywa na vumbi la ghala. Kilichonistaajabisha kwanza ni kasi yake. Nilikuwa katikati ya kusoma kilo za mtu, mshale haujatulia, nikalazimika kuacha kalamu, mizani na heshima yangu, nikakimbilia chooni nyuma ya ghala huku foleni nzima ikinisindikiza kwa macho. Nilirudi, nikatundikiwa gunia jingine, nikakimbia tena. Wakulima wakaanza kuweka zamu zao kwa kufuata tumbo langu. Mke wangu alipoona ninavyoamka na kulala na kata ya maji mkononi, akasema, "Mume wangu, kama ulitaka kuhara, si ungeniambia? Maji ya lambo ni ya bure."

Nikamwambia hajui mambo ya kitaalamu.

Mchana nilifuata karatasi. Nilikataa matobolwa, nikakataa maziwa, nikakataa hata paja la kuku lililonyooshwa kwangu na mama mmoja kwa mikono miwili. Nilidhani wataniona mtu aliyebadilika. Wao wakanong'ona kwamba karani ameanza kuogopa sumu, na mtu asiye na kosa anaogopa sumu ya nini? Jioni, nikishafika nyumbani na kufunga mlango, nilikula nilichokataa mchana, pamoja na ugali na samli, kwa hoja kwamba jua halijazama kabisa. Mke wangu alikuwa anachungulia dirishani na kunitangazia lilipofika.

Kopo likaisha. Malori ya kwenda mjini yalikuwa yameharibika, na mimi sikuwa na subira. Siku moja mchana, foleni ilipokwisha, nikawaomba wale wachukuzi wawili wanipime kwenye mizani yetu. Hakukuwa na pa kukaa, kwa hiyo niliingia ndani ya gunia la pamba, wakalikusanya juu ya kichwa changu, wakalitundika kwenye kulabu. Nilining'inia gizani, nikizunguka polepole, nikisikia mmoja wao anacheka mpaka anakohoa.

"Inasemaje?" nikauliza kutoka ndani.

"Themanini na tano, karani."

"Soma tena."

"Themanini na tano."

Kilo tisa! Nilitoka kwenye lile gunia kama mtu aliyezaliwa upya, nyuzi za pamba zimejaa kwenye nywele. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyepumzika. Nilimwambia mwalimu mkuu, nikamwambia katekista, nikamwambia kila aliyeleta pamba kabla hata sijamtajia kilo zake. Nikaagiza kopo la pili. Manju alipofika na magunia yake, nilimsubiri kwa hamu kama mchumba.

"Kilo tisa zimetoka," nikamwambia. "Katafute wimbo mwingine."

Akanitazama tumboni, hana haraka. "Mbona mimi bado naliona?"

"Macho yako yana chuki. Mizani haina chuki. Mizani haisemi uongo."

Neno hilo nililipenda sana. Nililirudia juma zima, mpaka wachukuzi wakawa wanalisema pamoja nami.

Jumapili iliyotangulia mkutano, tuliporudi kanisani, nilitoa sandukuni suruali niliyoshonewa wakati nikiwa mwembamba kiasi, suruali ya bugaluu, pana chini na ya kubana kiunoni kama mtindo ulivyotaka. Nilikuwa nimepanga kuivaa mbele ya wanachama. Ikapanda mpaka mapajani, ikasita. Mke wangu akaja kusaidia. Akavuta, nikavuta pumzi, akaweka goti lake mgongoni mwangu, kifungo kikakataa kabisa kuonana na tundu lake. Akakaa chini kitandani, anahema.

"Hizo kilo tisa," akasema, "zilitoka wapi? Kichwani?"

Nikataka kumwambia macho yake yana chuki. Suruali haikuwa na chuki nami. Nilisimama pale, kiuno wazi, na polepole, kama mtu anayesikia habari ya msiba kwa mafungu, nikaanza kuelewa. Tumbo lilikuwa palepale. Mizani ya mjini ilisema hivi na mizani yetu ikasema vile. Kilo zilizopungua hazikutoka mwilini mwangu.

Nikavaa suruali ya kazi, nikachukua baiskeli, nikaendesha mpaka hospitali ya Kolandoto kwenye jua kali. Nilimwomba muuguzi anipime. Tisini na tano. Nikamwomba nivue viatu, anipime tena. Akasema, "Baba, viatu havina kilo tisa," lakini akanipima, kwa sababu aliona uso wangu.

Njiani kurudi sikupanda baiskeli, niliikokota. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Unga haukunipunguza hata nusu kilo, hilo lilikuwa dogo, pesa za mjinga huliwa na mwerevu. Lakini gunia la kila mkulima lilikuwa limening'inia palepale niliponing'inia mimi. Nilikumbuka wazee waliokuwa wakitazama mshale na kutikisa kichwa, na mimi nikiwaharakisha, haya mzee, wenzako wanasubiri. Nilikuwa nimemchukia manju msimu mzima kwa kusema uongo. Pamba ilikuwa imeibwa kweli. Alichokosea ni mahali ilipolala tu.

Nilipitia kwa mwenyekiti wa chama, nikamkuta barazani mwa nyumba yake mpya ya bati. Yeye ndiye aliyekuwa akisindikiza malori hadi kinu cha kuchambulia pamba, ambako ilipimwa upya kwa mizani nyingine, na nilipokuwa namweleza ndipo nilipojiuliza kwa mara ya kwanza, pamba iliyozidi kule ilikuwa inaandikwa jina la nani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mizani ile ya zamani, karani," akasema. "Inachoka kama sisi. Msimu ukiisha tutaita fundi. Usiwape watu maneno wakati huu." Akanisindikiza mpaka barabarani, akanishika bega. "Na hongera. Umepungua kweli."

Nisiseme uongo, nilitamani kunyamaza. Nikinyamaza, nina mizani inayonishuhudia kwamba kitambi kimeondoka, na kazi yangu inabaki. Nikisema, nani ataamini kwamba mimi niliyesoma kila kilo kwa sauti yangu nzuri sikujua? Hata mimi nisingeamini. Siku mbili nilitunga hotuba za aina zote, za kukiri na za kukana, na zote zilianza na "Ndugu wanachama" na kuishia hapo.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala, watu wamekaa juu ya magunia na wengine chini. Nilivaa ile suruali ya bugaluu, kifungo wazi, shati limeachwa nje kufunika aibu. Nilitegemea manju asimame anishtaki, na alisimama, lakini alikuwa anatabasamu.

"Ndugu mwenyekiti," akasema, "karani wetu anatuambia amepungua kwa dawa ya mjini, na mizani haisemi uongo. Sisi ni watu wa kuona. Tunaomba apimwe hapa."

Watu wakalipuka kwa kicheko. Mwenyekiti naye akacheka, amefurahi mkutano umegeuka mchezo, akanipungia mkono niende. Hotuba zote zilinitoka. Niliingia kwenye gunia mbele ya kijiji kizima, nikasikia wachukuzi wakihesabu na kuninyanyua, nikaning'inia pale nazunguka kama mbuzi buchani, huku mama mmoja akiuliza kama nauzwa mzima au kwa mafungu.

"Themanini na tano!" mchukuzi akapaza sauti.

Wakapiga makofi. Wengine waliniamini kwa dhati, nilisikia mtu akiuliza hiyo dawa inapatikana duka gani.

Nikasema kutoka ndani ya gunia, kwa sababu gizani humo sikuwa naona uso wa mtu: "Ghalani kuna mifuko ya simenti ya kujengea shule. Haijafunguliwa. Mnajua mfuko una kilo ngapi?"

"Hamsini!" wakajibu, bado wanacheka.

"Nishusheni mimi. Utundikeni huo."

Mwenyekiti alisema kitu kuhusu muda na ajenda. Hakuna aliyemsikiliza, mchezo ulikuwa mtamu. Nilikuwa bado napambana kutoa mguu wa pili kwenye gunia waliponyanyua ule mfuko wa simenti, na nilijua umetundikwa kwa sababu kelele zilianza kupungua mbele, karibu na mizani, kisha ukimya ukarudi nyuma kwa safu mpaka kwa wale waliokaa chini.

"Arobaini na tano," mchukuzi akasema, kwa sauti ya chini.

Hakuna aliyeniita mwizi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, ningeweza kulijibu kwa hasira. Walikuwa wanautazama mfuko, kisha wananitazama mimi, kisha mwenyekiti, kisha tena mfuko. Niliona midomo ya watu ikicheza, kila mmoja anarudi nyuma kwa mawazo, peke yake, kuyatafuta magunia yake ya misimu iliyopita.

Manju akaja mpaka mbele yangu. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Mama yangu alileta pamba hapa kila msimu mpaka alipofariki," akasema. "Nilikuwa nambebea. Tangu lini, karani?"

Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa juu ya magunia yake.